Kutunza picha za harusi za wateja miaka na miaka: hii gharama nyie mnaiweka wapi?

StudioNgamiani (Tanga)

Wakuu, habari za jioni. Naandika nikiwa bado na uchungu, kwa hiyo mnivumilie nikirefusha.

Nina studio ndogo hapa Ngamiani, mwaka wa nane sasa. Napiga harusi, sendofu, kichen pati, mahafali na paspoti. Video anafanya kijana ninayeshirikiana naye na anazitunza mwenyewe, kwa hiyo hapa naongelea picha za mnato tu.

Wiki tatu zilizopita, saa tano usiku, simu ikaita. Alikuwa binti niliyempigia harusi mwaka 2021. Mama yake amefariki, wanazika kesho yake alasiri, na picha nzuri ya mama wanayoikumbuka wote ni ile ya ukumbini, amevaa gauni la kijani, anacheka, kamshika mkwewe mkono. Niliikumbuka palepale. Nakumbuka hata nilipokuwa nimesimama, karibu na meza ya keki, taa ikiwa imeelekezwa darini. Nikamwambia, mdogo wangu, nipe dakika kumi nakutumia.

Nikachomeka eksteno, yaani diski ya nje, ya harusi za 2020 na 2021. Kompyuta haikuiona. Nikabadilisha waya, hakuna. Nikaiweka sikioni: tik, tik, tik, inanyamaza, inaanza tena. Mwezi mmoja kabla ilidondoka. Umeme ulikatika, msaidizi wangu akapita gizani akanasa waya, ikatoka mezani hadi sakafuni ikiwa bado inazunguka. Siku ile nilipoiwasha ilisoma. Nikamshukuru Mungu, nikairudisha kabatini. Nakala ya pili sikuwa nayo. Zamani nilikuwa napandisha kila kitu Google Photos kwa sababu ilikuwa bure, ila walipofunga ule uhifadhi wa bure usio na kikomo tarehe 1 Juni 2021, niliacha, nikijiambia nitapanga utaratibu mwingine. Harusi ya huyu binti ilikuwa Agosti.

Mwishowe shangazi yake aliipata kwenye WhatsApp, kilobaiti 94. Nikaikuza kwa fremu ya A3 usiku huohuo. Ukisimama mlangoni unamwona mama. Ukisogea, macho yamekuwa vimiraba, na meno yameungana kuwa mstari mmoja mweupe. Ndiyo picha iliyobebwa mbele ya jeneza. Nilikwenda msibani. Binti akanishukuru kwa kukesha, na shukrani ile ndiyo iliyonikata maini.

Ile eksteno nilimpa fundi mmoja wa hapa mtaani, akaifungua kwa bisibisi mezani kwake, kando ya barabara. Baadaye nikaipeleka Dar kwa watu wanaofufua diski. Wakataka 1,400,000, nusu kwanza, bila kuahidi kitu. Sina. Ndani yake kuna harusi 41.

Sasa nimekaa chini na kalamu. Natumia Nikon D750 mbili, RAW moja, yaani picha ghafi kama ilivyotoka kwenye kamera, ni megabaiti 28 hivi. Harusi moja napiga kama 2,500, hizo ni gigabaiti 70. Sendofu au kichen pati kama 1,200, gigabaiti 34. Mwaka jana nilifanya harusi 34 na hizo shughuli nyingine 28. Jumla ni terabaiti 3.3 kwa mwaka mmoja. Nikiweka nakala mbili ni karibu terabaiti 7, kila mwaka, na za nyuma hazipungui. Nikiangalia Google, terabaiti 2 ni dola 9.99 kwa mwezi kwa bei ya Marekani, na mwaka hauishi zimejaa.

Maswali yangu ni haya. Nyie mnatunza nini na mnafuta nini? Mnatunza wapi kwa bei ambayo studio ya mkoani inaweza kubeba? Na hiyo bei mnamwambia mteja au mnaimeza wenyewe? Mimi sijawahi kumwambia mteja lolote. Nampa flashi, anasaini kwenye kaunta buku, basi. Yeye akipoteza flashi anajua ziko kwangu. Na kwa kweli na mimi nilikuwa najua ziko kwangu.

Kapripointi (Mwanza)

Pole sana dada. Pole kwa msiba wa mteja wako pia.

Nianze na hilo la fundi ili wengine wasome. Diski ya kuzunguka ikianza kulia tik-tik, izime, usiichomeke tena hata mara moja. Kichwa kinachosoma kinaelea juu ya sahani kwa umbali mdogo kuliko chembe ya vumbi. Kikiwa kimepinda, kila unapowasha kinakwangua. Na ukiifungua barabarani, vumbi la barabara ndilo linaloingia pale katikati. Wanaofufua kweli wanafungulia ndani ya chumba kisicho na vumbi, ndiyo maana bei yao inatisha. Hiyo yako usiitupe. Ifunge kwenye nailoni, andika tarehe, weka. Siku ukiwa na hela jaribu.

Kuhusu utaratibu, mimi nafuata kanuni ya tatu-mbili-moja iliyoenezwa na mpigapicha wa Marekani anayeitwa Peter Krogh: nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, na moja ikae nje ya jengo. Hilo la nje ya jengo ndilo watu wanalipuuza. Eksteno mbili ndani ya kabati moja, mwizi anabeba zote, moto unakula zote. Yangu ya pili inakaa kwa dada yangu Nyegezi. Kila Jumatatu naipitia, nakopi, nairudisha.

Unaanzia kwenye kamera. D750 ina nafasi mbili za kadi. Wengi wanaiweka ya pili ipokee pale ya kwanza inapojaa. Badilisha, iwe inaandika kila picha kwenye kadi zote mbili. Na kadi haiformatiwi mpaka picha ziwe kwenye diski mbili na umezifungua kwa macho yako. Mimi nina mkebe wa plastiki, kadi zenye kazi ambayo haijakopiwa nazigeuza uso chini. Hakuna anayezigusa.

Mengine niliyojifunza kwa kuumia: usinunue diski mbili za aina moja siku moja duka moja, zikiwa na kasoro zinayo zote. Usikopi kwa kuburuta tu, tumia programu inayohakiki kama TeraCopy, inalinganisha ilichosoma na ilichoandika. UPS ndogo, ile betri inayoshika umeme ukikatika, ni lazima kwa umeme wetu. Na kila miezi mitatu washa kila diski ufungue folda tatu nne bila kuchagua.

Usije ukafikiri diski nzuri haifi. Kampuni ya Backblaze ya Marekani inaendesha diski zaidi ya laki mbili na hutangaza takwimu zake. Mwaka 2023 zilizokufa zilikuwa kama 1.4%. Hizo zinakaa kwenye vyumba vyenye kiyoyozi, hazibebwi, haziangushwi. Zetu zinapanda bodaboda.

Bei: terabaiti 4 ya mkononi juzi nimenunua 385,000.

StudioNgamiani

Asante sana kaka. Hilo la kadi ya pili nimelifanya sasa hivi kabla sijajibu. Miaka yote ilikuwa imewekwa ya kupokea zikijaa.

Swali dogo. Watu wananiambia nihamie SSD, zile diski za chipu, kwa sababu haina kitu kinachozunguka, ikianguka haifi. Ni kweli?

Kapripointi

Ya kufanyia kazi, ndiyo, nunua. Safarini ni nzuri mno. Ya kutunzia kabatini miaka, hapana. SSD inashika data kwa chaji ya umeme, na chaji hiyo huvuja polepole isipowashwa, hasa ikiwa imetumika sana na inakaa kwenye joto. Kiwango ambacho viwanda vinajipimia kwa SSD za kawaida ni mwaka mmoja bila umeme kwenye nyuzi 30, ikiwa imeshafika mwisho wa maisha yake. Tanga Januari kabati lako lina nyuzi ngapi? Halafu bei yake kwa terabaiti iko juu sana. Ya kuzunguka, iliyolala, isiyoguswa, bado ndiyo ya kutunzia.

JujaSeva (Kiambu, Kenya)

Dada, pole. Mimi si mpigapicha, kazi yangu ni seva, lakini mke wangu ana studio, kwa hiyo hesabu hii nimeipiga nyumbani.

Usilinganishe bei ya Google na bei ya kutunza. Google unalipia kuona picha zako wakati wowote, kwenye simu, kwa sekunde. Nakala ya dharura haihitaji hivyo. Kuna hifadhi za baridi, za kuweka vitu usivyofungua mara kwa mara. Ile ya Amazon inayoitwa Glacier Deep Archive, kwa seva za Marekani, ni dola 0.00099 kwa gigabaiti kwa mwezi. Hiyo ni dola moja hivi kwa terabaiti. Terabaiti moja kwa mwaka mzima ni dola 12.

Mbona rahisi hivyo? Kwa sababu kuitoa ni polepole na unalipia. Ukiomba faili, utangoja muda unaoweza kufika saa 12, au saa 48 ukichagua njia ya bei ya chini. Kuitoa ni dola 0.02 kwa gigabaiti, halafu kuipakua kuja kwako ni dola 0.09 kwa gigabaiti baada ya gigabaiti 100 za kwanza za mwezi ambazo ni bure. Kwa hiyo studio ikiungua ukataka terabaiti nzima kwa mpigo, jiandae na kama dola 100. Lakini ukitaka harusi moja, tuseme umeichuja ikabaki picha 700, gigabaiti 25, ni nusu dola. Na ukiweka kitu ukakifuta kabla ya siku 180, unalipia siku zote 180. Kwa hiyo usipandishe mbichi. Chagua kwanza, maliza kuhariri, ndipo upandishe.

Funga harusi nzima iwe faili moja la zipu. Wanatoza pia kwa idadi ya faili unazopandisha, na picha 700 mojamoja zinakuongezea gharama bila sababu. Iwekee nenosiri kabla haijatoka kwenye kompyuta yako. Humo mna picha za bibi harusi akivalishwa chumbani, ni amana ya mtu. Nenosiri liandike kwenye karatasi, likae kwa mtu unayemwamini. Ukilisahau, hakuna wa kukufungulia.

Kupandisha: kwa laini ya megabiti 10 kwa sekunde, terabaiti moja ni siku tisa na zaidi bila kupumzika. Usiogope. Gigabaiti 25 ni saa tano na nusu. Unaacha usiku ukienda kulala. Malipo, huku kwetu natumia kadi ya Visa ya M-Pesa GlobalPay, kwenu pia kadi pepe za simu zipo. Hakikisha tu ina pesa siku ya makato, maana akaunti isiyolipwa hufungwa.

Na kama alivyosema ndugu wa Mwanza, klaudi isiwe nakala ya pekee. Mwisho wa yote ni mashine za mtu ndani ya jengo. Tarehe 10 Machi 2021 jengo la kutunzia data liliungua kule Strasbourg, Ufaransa, na waliokuwa na nakala moja tu humo ndani walizipoteza kabisa. Na Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika baharini, sote huku Afrika Mashariki tuliona intaneti ilivyokuwa.

KameraMbili (Dar es Salaam)

Nitatofautiana na wenzangu kwa heshima. Mimi natunza siku 90, nafuta. Imeandikwa kwenye mkataba, kifungu cha sita, na mteja anasaini pembeni ya kifungu hicho. Siku ya 75 namtumia ujumbe: umeshakopi? Siku ya 90 naondoa.

Sababu yangu si uvivu. Nilikuwa na diski kumi na moja, kila moja inanidai kupitiwa, na hakuna mteja aliyenilipa hata mia kwa hizo. Juu ya hapo, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Uso wa mtu ni taarifa yake. Hutakiwi kukaa nayo kuliko muda unaohitajika kwa kazi uliyoichukulia, na kuipeleka nje ya nchi kuna masharti yake. Ukitunza miaka kumi bila maandishi yoyote, unatunza kwa ruhusa ya nani? Dada, picha ni za familia. Wafundishe wazitunze wao.

StudioNgamiani

Kaka, hilo la maandishi nimelipokea kwa mikono miwili. Hapo nilikuwa nimekosea na nitarekebisha.

Lakini siku 90 siwezi. Nimejaribu kujiweka upande wako nikashindwa. Watu wa huku hawarudi siku ya 80. Wanarudi mtoto akiuliza babu alikuwaje. Wanarudi msiba ukitokea, usiku, na wakati huo flashi ilishaazimwa na mpwa akaweka miziki. Mama yule alikufa mwaka wa tatu. Ningekuwa na kifungu cha sita, nisingekuwa na kosa mbele ya sheria, na picha bado ingekuwa haipo.

Ninachotaka ni kujua bei ya kuweza kusema ndiyo ile simu ya saa tano usiku ikiita.

BabuDarajani (Unguja)

Mwanangu wa Tanga, pole kwa mtihani. Mimi nimefanya kazi ya chumba cha giza tangu ujana wangu, sasa natazama tu wajukuu wanavyofanya. Naomba niseme neno moja kuhusu hiyo gharama.

Zamani hatukumtoza mtu kwa kutunza. Lakini tulitunza, kwa nini? Kwa sababu negativu ilibaki kwetu. Mteja anachukua kopi zake, anakwenda. Mwakani anarudi anataka kopi tatu za kumpelekea nduguye Muskati, analipa. Baba akifa wanataka kubwa ya kutundika, wanalipa. Ile negativu kwenye bahasha ilikuwa shamba, kila mwaka linatoa kidogo. Kulitunza kulijilipa kwenyewe.

Nyinyi leo mnampa mtu kila kitu siku ya kwanza ndani ya hicho kidude, na mzigo wa kutunza umebaki kwenu vilevile. Shamba mmempa mwenziwe, nanyi mnaendelea kulilinda usiku. Ndiyo maana mnaumia.

Kazi ya kutunza na sisi ilikuwapo. Filamu tuliikata vipande vya picha sita sita, kila kipande kwenye karatasi laini, kisha bahasha, juu nambari, jina na tarehe ya Kiislamu na ya Kizungu. Nambari ile ile kwenye daftari. Negativu isiyooshwa vizuri ikabaki na hypo, ile dawa ya kusafishia filamu, baada ya miaka inapiga rangi ya manjano. Hewa ya bahari inaleta kuvu. Tulikaanga mchele mkavu bila mafuta, tukaufunga kwenye kitambaa, tukauweka ndani ya bati pamoja na bahasha, na kila mwezi tunabadilisha. Filamu ikianza kunuka siki, ushaipoteza, itoe isiambukize wenziwe. Za rangi zilififia hata tukizitunza vipi. Za nyeusi na nyeupe zipo mpaka leo.

Tazama Capital Art Studio hapa Mji Mkongwe, Ranchhod Oza aliianzisha mwaka 1930, mwanawe Rohit akaendelea nayo. Unguja ya kabla ya Mapinduzi ambayo watu wanaitazama leo kwenye kuta zile, ipo kwa kuwa mtu alikuwa na bahasha na nambari. Wale waliopigwa hawakujua kama wanatunziwa.

Rai yangu: mpe mtu picha zake, lakini rudisha mazoea ya kopi. Waambie wazi, kwa miaka kadhaa faili kubwa iko kwangu, ukitaka ya kutundika njoo. Na uandike daftari. Diski bila daftari ni bahasha zisizo na nambari.

StudioNgamiani

Shikamoo babu. Maneno ya shamba nimeyasoma mara tatu, nikamsomea na msaidizi wangu.

Nimetulia wiki mbili nikafanya hesabu upya, naiweka hapa ili anayejua aniambie pale nilipokosea.

Kwanza nimekubali kufuta. Katika 2,500 za harusi, nyingi ni mtu kafumba macho, flashi haikuwaka, au sura ileile mara tisa. Sasa nabakiza 700 za RAW pamoja na zilizohaririwa, jumla gigabaiti 25. Sendofu nabakiza 300, gigabaiti 11. Kwa idadi ya kazi za mwaka jana, mwaka mzima unakuwa terabaiti 1.2 badala ya 3.3. Nilidhani nitaumia kufuta. Usiku wa kwanza nilifuta huku nalia kidogo, wa tatu nikawa nachagua kwa mwendo. Kitu kimoja nimejiwekea: wazee sifuti. Picha yoyote ya mzee aliyekaa peke yake inabaki, hata kama haikuingia kwenye albamu, hata kama iko nje ya fokasi kidogo.

Pili, diski mbili za terabaiti 4, za kampuni mbili tofauti, 385,000 na 390,000. Zinatosha miaka mitatu na kidogo, kwa hiyo ni kama 258,000 kwa mwaka. Moja iko studio, nyingine iko kwa mama mdogo Chumbageni, ndani ya kasha lenye vile vifuko vya kunyonya unyevu. Zote mbili zina nenosiri.

Tatu, hiyo hifadhi ya baridi. Nimepandisha harusi nne za mwanzo usiku, moja baada ya nyingine. Mwaka wa tano nitakapokuwa na terabaiti 6 humo, kwa dola moja kwa 2,600, itakuwa 187,200 kwa mwaka. Nimeweka harusi moja nikaiomba irudi ili nione kama ni kweli. Niliomba asubuhi, jioni ikawa tayari kupakuliwa, nikafungua zipu, picha zote 700 zipo, nikalinganisha tano kwa kuzikuza mpaka kope. Ziko sawasawa.

Jumla, mwaka mbaya kabisa, ni kama 445,000. Gawa kwa kazi 62, ni shilingi 7,200 kwa kazi moja. Nilikaa nikaitazama hiyo namba muda mrefu. Ukumbi wa wastani hapa mjini sahani moja ya mgeni inazidi hapo. Miaka minane nimekuwa nikiogopa gharama ambayo haifiki sahani moja.

Kwa hiyo kuanzia mwezi huu kwenye ankara kuna mstari: utunzaji wa picha miaka 5, shilingi 10,000. Kinachozidi naweka pembeni cha kununua diski ikifa. Chini yake nimeandika kwamba mteja anakubali nitunze, na nakala moja iko nje ya nchi ikiwa imefungwa kwa nenosiri, na akitaka nizifute kabla ya hapo aniambie kwa maandishi. Asante KameraMbili, bila wewe nisingeandika hiyo. Wateja sita wameshasaini. Mmoja tu aliuliza kwa nini, nikamweleza, akaniuliza kama anaweza kulipia kumi.

Kopi za kutundika nimezirudisha pia babu, zimeandikwa ukutani na bei zake. Na daftari lipo, kaunta buku jipya: nambari, majina, tarehe, ukumbi, diski gani, zipu gani, imekaguliwa lini.

Zile harusi 41 nimeanza kuzifuatilia mojamoja. Napiga simu, naeleza ukweli kwamba diski yangu ilikufa, naomba waniletee flashi niliyowapa nikopi upya bila malipo. Nilitegemea kutukanwa. Wengi wamenijibu vizuri, na wawili wamesema hata wao walikuwa wanaitafuta flashi yao. Hadi leo nimepata 26. Huyu binti wa mama mwenye gauni la kijani, flashi yake iliibwa na mkoba mwaka jana, ila mume wake anasema zilikopiwa kwenye laptopu ya kaka yake aliyehamia Korogwe, na laptopu hiyo haiwaki. Nimemwambia wasiipeleke kwa fundi yeyote. Jumamosi napanda gari asubuhi, nakwenda kuitoa diski yake mwenyewe.

Kapripointi

Beba kile kiwaya cha kubadilisha diski ya laptopu kuwa ya USB. Na ukifika kopi kwanza kila kitu, ndiyo uanze kutafuta. Tujulishe.

StudioNgamiani

Ninacho, kiko tayari kwenye begi, pamoja na ile eksteno mpya tupu.